Mtambo Hauwaki: Fuata Volti Kabla ya Kufungua Stata

Mtambo ukigoma kuwaka, mafundi wengi hukimbilia stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake. Inafunguliwa, inapelekwa mjini, inarudi, inafungwa, na mtambo bado umenyamaza kwa sababu kosa lilikuwa kwenye kebo ya athi, ile inayotoka hasi ya betri kwenda kwenye chesisi. Mwongozo huu unahusu vijiko, greda, loda na mitambo mingine ya volti 24, yenye betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Stata iwe ya mwisho kufunguliwa, na ifunguliwe pale tu vipimo vinapoihukumu.

Andaa multimita, hidromita (kipimo cha uzito wa maji makali ya betri), brashi ya waya, msasa, spana na mtu wa kupiga stata wakati wewe unasoma mita. Huyo mtu ni wa lazima, maana vipimo vikubwa vyote huchukuliwa stata ikiwa inapigwa.

Hatua ya 1: Usalama

Shusha ndoo au bleti (bamba la kusukumia udongo) mpaka chini, vuta breki ya maegesho, weka gia nyutro, na kwenye kijiko funga liva ya usalama ya haidroliki. Vua pete na saa. Usivute sigara karibu na betri, kwani gesi yake ni haidrojeni na hulipuka.

Usiunganishe vichwa vya stata kwa bisibisi ukiwa umesimama kati ya magurudumu au minyororo. Ukifanya hivyo umeme unaipita swichi ya nyutro, inayozuia stata kupigwa gia ikiwa imeingia, na mtambo ulio kwenye gia utaondoka na wewe ukiwa chini yake. Watu wamekufa hivyo, na hakuna kazi inayostahili hatari hiyo.

Hatua ya 2: Sikiliza

Mwambie opereta apige stata mara moja, kisha sikiliza.

Kimya kabisa: tatizo liko kwenye njia ndogo ya umeme, yaani fyuzi, swichi ya funguo, rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) au swichi za usalama. Kama taa za dashibodi nazo haziwaki, anza na swichi kuu ya betri. Mara nyingi mtu aliizima jioni na hakumwambia mwenzake.

Tak-tak-tak ya haraka: solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, inavuta, stata inadai umeme mwingi, volti zinaanguka, solenoidi inaachia, halafu inavuta tena. Hapo chunguza betri dhaifu, vichwa vichafu au athi mbovu. Koili ya kushikilia ndani ya solenoidi ikikatika, hutoa sauti hiyohiyo.

Tak moja nzito bila kuzunguka: solenoidi imefunga lakini mota haipati umeme wa kutosha, au injini imekwama.

Stata inavuma na injini haigeuki: bendiksi (gia ndogo ya stata inayoshika injini) inateleza au meno ya gurudumu la injini yameliwa. Injini ikizunguka kwa kasi nzuri lakini haiwaki, iache stata, nenda kwenye mafuta na solenoidi ya kuzima mafuta.

Hatua ya 3: Betri, kila moja peke yake

Usipime volti 24 za jumla ukaridhika. Pima kila betri. Ikiwa imepumzika na imejaa, inasoma volti 12.6 au 12.7. Kwenye 12.2 imebaki karibu nusu, na chini ya 12.0 ichajiwe kwanza kabla ya kupima kitu kingine chochote. Betri moja ikisoma 12.7 na nyingine 11.9, umeshapata pa kuanzia.

Sasa piga stata huku mita ikiwa kwenye betri. Kila moja isishuke chini ya volti 9.6. Inayoporomoka hadi 7 au 6 imekufa ndani, hata kama ilisoma 12.6 ilipokuwa imetulia. Hidromita itathibitisha: maji makali ya betri iliyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.280, na seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.050 au zaidi, betri hiyo haiponi.

Badilisha zote mbili kwa pamoja, za aina na ukubwa uleule. Mpya ikifungwa na ya zamani, ya zamani hujaa mapema na kuchemka, mpya nayo haijai kamwe. Madhara kama hayo hutokea redio au taa ya volti 12 ikichukuliwa kwenye betri moja tu. Tumia kigeuzi cha 24 kwenda 12. Kujazia, weka maji yaliyotoneshwa ya dukani. Ya ziwani au ya bomba hapana, hata yakionekana meupe, kwa sababu madini yake huharibu sahani.

Hatua ya 4: Volti zinapotelea wapi

Hapa ndipo kazi nyingi huishia, na ndipo wengi huruka.

Stata ya injini kubwa huvuta mamia ya ampea. Kwenye ampea 500, ukinzani wa omu 0.004 tu unapoteza volti 2 na kutoa wati 1,000 za joto kwenye kiungo kimoja. Mita ikiwa kwenye omu haiwezi kuuona ukinzani mdogo hivyo, itakuonyesha sifuri na utadhani kebo ni nzima. Kwa hiyo pima volti, stata ikipigwa.

Upande wa chanya: ncha nyekundu iweke kwenye nguzo chanya yenyewe ya betri inayopeleka kebo kwenye stata, si kwenye kibano, na nyeusi kwenye bolti kubwa ya stata inayopokea kebo. Piga stata. Nusu volti ni sawa. Ikipita volti 1, sogeza ncha kiungo kwa kiungo: kibano, kebo, swichi kuu, mpaka uone volti zinaporukia. Kebo inayounganisha betri mbili haimo katika kipimo hiki, ipime peke yake, nguzo kwa nguzo. Swichi kuu iliyoungua ndani ni mshukiwa mkubwa.

Upande wa hasi: ncha moja kwenye bodi ya stata, nyingine kwenye nguzo hasi ya betri yenye kebo ya athi. Kiwango ni kilekile. Kwenye machimbo ya kokoto na viwanja vinavyochongwa katika miamba ya Mwanza, kijiko chenye nyundo ya kuvunja mawe hutikisika kutwa, na bolti ya athi kwenye chesisi hulegea. Kisha vumbi na unyevu huingia. Maji ya Ziwa Victoria si ya chumvi, lakini mtambo unaochota mchanga ufukweni hulala kwenye unyevu, na shaba hupata kutu ya kijani ndani ya kebo, chini ya plastiki, mahali usipoweza kuiona. Fungua kebo ya athi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi isitangulie kati ya vyuma.

Solenoidi: pima kati ya bolti zake mbili kubwa. Stata ikipigwa, mita isome karibu na sifuri. Ukisikia tak na mita ikabaki kwenye volti 24, sahani za ndani zimeungua. Hizo hubadilishwa bila kununua stata nzima.

Hatua ya 5: Njia ndogo

Pima waya mwembamba wa solenoidi funguo ikishikiliwa kwenye kuwasha. Volti zikiwa karibu sawa na za betri na solenoidi iko kimya, solenoidi ni mbovu. Kama hakuna kitu, rudi nyuma: rilei, kisha swichi ya nyutro au ya liva ya usalama, kisha swichi ya funguo, kisha fyuzi.

Rilei soma imeandikwa nini. Ya gari dogo ya volti 12 inaingia kwenye soketi ileile na koili yake inaungua. Baada ya kuosha kwa mashine ya presha, fungua boksi la rilei, kausha, angalia pini. Angalia pia kifaa cha GPS cha kufuatilia mtambo: vingi hufungwa na rilei ya kukata stata, na waya zake husokotwa tu na kuzungushiwa tepu. Waya hizo zibanwe kwa viungio au zichomelewe kwa risasi.

Hatua ya 6: Sasa stata

Betri nzima, kebo nzima, volti zinafika, na bado haizungushi? Kwanza geuza injini kwa mkono kupitia bolti ya puli ya mbele. Isipogeuka kabisa, huenda kuna maji au mafuta juu ya pistoni. Usilazimishe. Ikigeuka, shusha stata: kagua brashi za kaboni, bushi na komyuteta (sehemu ya shaba inayosuguliwa na brashi).

Ukiirudisha, stata isipigwe zaidi ya sekunde 30 mfululizo, kisha ipumzike dakika 2. Injini ikiwaka, ipe mwendo wa kati na pima betri zote mbili kwa pamoja: altaneta, inayochaji betri injini ikiwaka, iwe inatoa volti 27.5 hadi 28.5. Ikibaki 25, chunguza mkanda na altaneta siku hiyohiyo, kwa sababu betri ulizochaji leo zitakuwa zimeisha baada ya kuwasha mara chache.