Kuchangia damu Moshi na Arusha, hatua kwa hatua: na ile hatua ya HB iliyonirudisha nyumbani mara mbili

Mwanzoni mwa Machi nilimsindikiza wifi yangu, anayeishi Sakina, Arusha, kuchangia damu kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameshajaribu mwenyewe Desemba, akapanga foleni, akatobolewa kidole, akaambiwa damu yake haitoshi. Alinipigia simu amekasirika: "Wifi, mimi damu ninayo, ni kile kipimo chao tu." Mimi sikushangaa, kwa sababu yalishanikuta hayohayo. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomwelekeza.

Hatua ya 1: Jua kama unaruhusiwa

Uwe na umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50, na ujisikie mzima siku hiyo. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Kama umetoka kuugua malaria au uko kwenye dozi ya dawa yoyote, sema pale mapokezi. Watakuambia usubiri muda gani.

Hatua ya 2: Chagua pa kwenda

Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kaskazini kiko hapa Moshi. Unaweza pia kwenda hospitali ya KCMC au Mawenzi, na walioko Arusha waende hospitali ya mkoa ya Mount Meru. Timu zinazozunguka hufika vyuoni, makanisani, misikitini na stendi. Mimi napenda zaidi kwenda hospitali asubuhi, siku ya kazi, kuliko kwenye tamasha lenye maspika. Kwenye tamasha watu ni wengi, muhudumu ana haraka, na wewe una haya ya kuuliza.

Hatua ya 3: HB, na hapa naomba usome polepole

HB ni himoglobini, kile kinachobeba hewa ndani ya chembe nyekundu; ndicho watu hukiita wingi wa damu. Ili uchangie inatakiwa isipungue gramu 12.5 kwa desilita. Mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, nikapimwa, nikakutwa na 11.8. Nikaambiwa nikale vizuri. Kwa akili yangu, kula vizuri kulikuwa ni kunywa rozela na juisi ya bitiruti siku mbili mfululizo. Nikarudi wiki iliyofuata: 11.9. Asubuhi mbili zilikwenda hivyo, na ndani ya hospitali ileile kulikuwa na mama anatafutiwa damu baada ya kujifungua. Iliniuma sana.

Kwa hiyo jambo la kwanza: wekundu wa juisi si damu. Rozela ni kinywaji kizuri, na bitiruti ni chakula kizuri, lakini madini ya chuma yaliyomo ni kidogo, na hayo ndiyo mwili unayotumia kutengenezea damu. Jambo la pili: HB haipandi kwa siku mbili. Hesabu wiki, na pengine miezi. Mimi ilinichukua miezi miwili na nusu kufika 13.1.

Nilichobadilisha zaidi ni chai, kisha chakula. Nilikuwa nakunywa chai ya rangi pamoja na kila mlo, kama tulivyo wengi huku. Majani ya chai yana kitu kinachoshikana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini, hasa yale yanayotoka kwenye maharage na mboga. Kahawa nayo ni hivyohivyo, na najua nawaambia watu wa Kilimanjaro. Sikuiacha chai; niliitenga na chakula kwa saa moja hadi mbili. Mahali pake nikaweka chungwa au pera, kwa sababu vitamini C husaidia madini hayo kupenya.

Chakula chenyewe tunacho. Maini mara moja kwa wiki, dagaa, nyama nyekundu ukiweza, mnafu, mchicha, choroko, maharage. Kiburu, kile chakula chetu cha ndizi, kina maharage ndani yake. Kamulia limau juu, usikishushie na chai. Kwa wanaokula, kisusio, yaani supu ya damu na nyama, ni hazina, maana madini ya chuma yanayotoka kwenye damu na nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko ya kwenye majani. Kipikwe kiive kabisa. Ambaye imani yake haimruhusu kula damu asijione amepungukiwa, maana dagaa na maini yanatosha.

Sasa tahadhari, na ndizo zilizomsaidia wifi.

Kama umekula hivyo kwa miezi miwili na HB bado iko chini, acha kuhangaika na vyakula, nenda kwa daktari. Inawezekana una safura, wale minyoo wanaonyonya damu taratibu bila wewe kujua. Inawezekana hedhi yako inatoka nyingi kuliko kawaida. Wifi alikutwa na 11.6, na kumbe hedhi yake ilikuwa inakwenda siku nane na yeye akidhani ndivyo wanawake wote walivyo. Alipewa matibabu na vidonge vya madini ya chuma. Wiki kumi baadaye alikuwa na 12.9.

Vidonge hivyo usijinunulie dukani kwa sababu jirani amekuambia. Kuna wenye selimundu na hali nyingine ambao HB yao iko chini kwa sababu tofauti kabisa, na kwao vidonge vinaweza kuleta madhara. Pima kwanza. Na kama una watoto nyumbani, vifiche juu kabisa kabatini, kwa maana vikimezwa vingi na mtoto mdogo ni sumu.

Jinsi ya kutoa tone nako kuna maana. Ukifika mikono ni baridi, damu haitoki, muhudumu anakamua kidole kwa nguvu, na majimaji ya nyama yanachanganyika na damu na kuifanya ionekane nyepesi. Pasha mikono joto kabla. Sehemu nyingine watadondosha tone kwenye kimiminika cha buluu: likizama haraka umepita, likielea umekwama. Ukikwama kwa kimiminika kile, omba kwa upole upimwe kwa mashine yenye namba, ili ujue umepungukiwa kiasi gani. Kuambiwa "haitoshi" bila namba hakukusaidii kupanga.

Hatua ya 4: Siku moja kabla na asubuhi yake

Lala mapema. Usinywe mbege wala pombe nyingine. Asubuhi kula chakula cha kushiba, mtori kwa mfano, na nusu saa kabla ya kutolewa unywe nusu lita ya maji. Maji hayo husaidia kuzuia kizunguzungu. Aliyekuambia uende na njaa amechanganya na vipimo vingine.

Hatua ya 5: Dodoso

Utajibu maswali kuhusu magonjwa, dawa, wenza, chale, sindano. Jibu ukweli mtupu. Damu yote hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kuwa na virusi ambavyo kipimo bado hakivioni. Jibu lako ndilo kinga ya mgonjwa kwa siku hizo. Usije kuchangia ili upate kujua hali yako ya VVU. Kwa hilo nenda kituo cha ushauri nasaha na upimaji. Na kama umeletwa na shinikizo la ndugu huku unajua jambo, mvute muhudumu pembeni umwambie. Atakuondoa kwenye foleni bila kumweleza mtu sababu.

Hatua ya 6: Kitandani

Mililita 450, dakika kama kumi. Sindano inauma inapoingia, basi. Ukisikia jasho jembamba au masikio yanavuma, sema palepale, usijikaze. Watakulaza na kuinua miguu. Sindano ikitoka, bonyeza pamba huku mkono umenyooka. Wengi hukunja kiwiko, na hapo ndipo damu huvilia chini ya ngozi na kuacha weusi wa wiki nzima. Kaa robo saa, unywe soda na ule biskuti wanazotoa.

Rudi nyumbani kwa daladala, au usindikizwe. Bodaboda iache siku hiyo. Mkono ule usibebe ndoo wala mkungu wa ndizi hadi kesho. Waongozaji na wagumu, yaani wapagazi, wanaopanda mlima Kilimanjaro: maji ya damu hurudi kwa siku moja au mbili, lakini chembe nyekundu, zinazobeba hewa, huchukua wiki kadhaa. Msichangie mkiwa na safari mwezi huohuo. Kule juu, karibu na kilele cha mita 5895, hewa yenyewe ni chache. Changieni msimu wa mvua za masika, wageni wakipungua.

Kuhusu plazima na malipo

Wifi aliniuliza hili akiwa bado ameshika pamba, kwa sababu ameona video za Marekani watu wakilipwa. Plazima ni yale maji ya manjano ambamo chembe za damu huelea. Kule kuna mashine inayotoa damu, ikachuja plazima na kukurudishia chembe zako, ndiyo maana wanaruhusiwa hadi mara mbili ndani ya siku saba. Plazima hiyo huenda viwandani kutengeneza dawa, zikiwemo za watu ambao damu yao haigandi.

Huku kwetu unatoa damu kamili, na kazi ya kutenganisha hufanyika maabara baada ya wewe kuondoka. Mfuko unazungushwa kwa kasi, chembe nyekundu zinakaa chini, plazima juu. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu kama siku 35, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku tano tu, na plazima ikigandishwa hufika hata mwaka. Kwa hiyo plazima umeshaitoa, na mfuko wako mmoja unaweza kwenda kwa wagonjwa watatu.

Fedha hupewi. Tangu 1975 Mkutano wa Afya Duniani ulizihimiza nchi zitegemee wachangiaji wa hiari wasiolipwa, na mimi naunga mkono kwa moyo wote: mwenye shida ya hela ya kodi ana sababu ya kudanganya kwenye dodoso. Unachopata ni kujua kundi lako, HB na presha, kupimwa magonjwa yale manne, na kadi ya mchangiaji. Majibu yafuatilie, wengi hawarudi kuyachukua. Shemeji mmoja aligundua homa ya ini B kwa njia hiyo, na leo yuko kliniki anahudumiwa mapema.

Hatua ya 7: Rudi

Mwanaume baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Mfuko mmoja unaondoka na miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma, kwa hiyo ile kazi ya maini na mnafu huanza upya siku hiyohiyo. Usingoje ndugu augue. Shule zikifungwa Juni na Desemba, akiba ya damu hushuka, kwa sababu wanafunzi ni sehemu kubwa ya wachangiaji.

Miezi minne ya wifi inatimia mwanzoni mwa Julai, na tumeshaizungushia tarehe kwenye kalenda ya parokia jikoni kwangu. Safari hii atakuja Moshi tuchangie pamoja. Julai ni baridi, kwa hiyo nimemwambia avae sweta la mikono mipana inayokunjika, na atembee na chupa ya maji ya moto ya kushika mkononi mpaka zamu yake ya kutobolewa kidole.