Somo: Namna ya kuitazama altare ya Dürer iliyobadilishwa na mchoraji wa kasri

Mfano wetu ni altare (yaani mbao zilizochorwa za kuwekwa altareni kanisani) ya familia ya Paumgartner, iliyochorwa na Mjerumani Albrecht Dürer yapata mwaka 1500 kwa ajili ya kanisa la Mtakatifu Katarina mjini Nuremberg, na ambayo sasa imo katika jumba la Alte Pinakothek, Munich.

Hatua ya kwanza: anza na mbao mbili za pembeni. Ndugu Stephan na Lukas Paumgartner wamesimama wakiwa wamevaa deraya, mmoja kama Mtakatifu Joji aliyelishika joka, mwingine kama Mtakatifu Eustasi, ambaye bendera yake ina kichwa cha kulungu mwenye msalaba kati ya pembe. Nyuma yao ni giza tupu. Kaa hapa kwa muda, kwa sababu giza hilo ndilo linalowaleta mbele hadi waonekane kama sanamu.

Hatua ya pili: tafakari mabadiliko. Mwaka 1613 kazi hii ilimfikia Maximilian wa Kwanza, mtawala wa Bavaria, na mchoraji wake wa kasri, Johann Georg Fischer, akazipanua mbao za pembeni, akaongeza mandhari, farasi na kofia za chuma, hata watakatifu wa altare wakawa mashujaa wa kutundikwa ukutani. Sidhani kwamba alikuwa mzembe. Alilijaza giza ambalo kasri lingeliona kuwa ni upungufu.

Hatua ya tatu: tazama ubao wa kati, wenye Kuzaliwa kwa Yesu. Wanafamilia waliochorwa kwa umbo dogo na kupangwa chini walikuwa wamefunikwa kwa rangi, na walionekana tena nyongeza zilipoondolewa mwaka 1903.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo Mwalimu. Je, kuondoa nyongeza hizo hakukuwa kuiharibu kazi ya Fischer?

Jibu: Marahaba. Kulikuwa ni kuiharibu, naam. Wahifadhi walimchagua Dürer, nami ningefanya vivyo hivyo, ingawa tulipoteza ushahidi wa jinsi karne ya 17 ilivyomsoma.

Swali: Nisiyeweza kufika Munich nifanyeje?

Jibu: Tafuta picha iliyopigwa kabla ya 1903, uiweke kando ya picha ya sasa, kisha ufuatishe ukingo wa mwili wa Joji kuanzia begani hadi mguuni. Penye farasi, jicho lako litamwacha mtakatifu na kumfuata mnyama; penye giza, litarudi usoni.