Namna ya Kuchagua Chapa ya Kamera ukiwa Bagamoyo

Mtu anayetoka Bagamoyo kwenda Kariakoo kununua kamera yake ya kwanza huuliza ipi ni bora kati ya Canon, Nikon, Sony na Fujifilm, na muuzaji humsifia ile iliyomo kabatini. Kamera za daraja moja na za miaka inayokaribiana hutoa picha ambazo mwenye harusi hawezi kuzitofautisha, kwa hiyo ulizia kwanza lenzi. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, hupitwa na wakati, ilhali lenzi iliyotunzwa hudumu miongo, nayo hutengenezwa kwa kufuata pete ya kufungia ya chapa fulani. Anayetaka kuhama chapa baadaye mara nyingi hulazimika kuuza vyote kwa bei ya kutupa.

Kabla ya safari, zungukia wapiga picha wa harusi wa mjini na wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, uone wameshika nini. Mimi nilinunua chapa niliyoipenda peke yangu, na siku betri ilipoisha chaji huku ndoa ikifungwa, hapakuwa na mtu wa kuniazima, kwa kuwa wenzangu wote walitumia chapa nyingine.

Ukishachagua chapa, jihadhari na tofauti zilizomo ndani yake. Nikon imetumia pete ya F tangu 1959, lakini bodi kama D3200 na D5300 hazina mota ya kusogeza lenzi za zamani za AF-D, hivyo utalazimika kulenga, yaani kuifanya picha iwe wazi isififie, kwa mkono. Kwa bodi hizo tafuta lenzi za AF-S, zenye mota yao ndani. Kwa Canon, lenzi za pete ya EF, zilizoanza 1987, hufungwa pia kwenye bodi mpya za pete ya RF kwa kutumia adapta na huendelea kulenga zenyewe, ila lenzi ya RF haiingii kwenye bodi ya EF. Kwa mwenye fedha kidogo, ningependekeza bodi ya EF iliyotumika pamoja na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (kipimo cha tundu la kupitishia mwanga; namba ndogo ni tundu kubwa), ambayo ni ya bei nafuu na inafaa sana kwa sura za watu. Anayekusudia zaidi video aangalie Sony za pete ya E, ambazo lenzi zake zipo nyingi, zikiwemo za watengenezaji wengine.

Chapa yoyote utakayoichagua, hewa yetu ya chumvi na unyevu haiionei huruma, na vifaa vingi vilivyotumika vimekaa pwani kabla yako. Washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi, uchungulie upande wa pili: ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, huo ni ukungu, na lenzi hiyo iache hata ukipunguziwa bei, kwa maana kuisafisha huhitaji fundi wa kuifungua, na kama ukungu umekwisha kuila kioo, alama zake hazitoki. Kisha weka tundu la lenzi kwenye f/16, upige ukuta mweupe wa duka mara mbili huku ukisogeza kamera kidogo, na uzikuze picha kwenye skrini. Madoa meusi yakibaki palepale katika picha zote mbili, sensa, yaani kipande kinachopokea picha ndani ya kamera, ina vumbi, nawe umruhusu muuzaji aisafishe mbele yako kabla hujahesabu fedha.