Jinsi ya kujifunza kuchora mwenyewe na kuanza kuuza: anza na picha sita kwa mpigo

Watu wananiuliza sana nilisomea wapi kuchora. Sijasomea popote, nilikuwa fundi rangi wa nyumba hapa Dar, makopo yaliyokuwa yanabaki saiti ndo yalinifundisha. Na wala sio maajabu, mzee Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, huyu ambaye picha zote za twiga na chui siku hizi zinaitwa kwa jina lake, naye hakukaa darasa la sanaa, alitoka Tunduru, akapiga kazi kwenye mkonge Tanga, akaja Dar, 1968 akaanza kuchora kwenye bodi za dari kwa rangi za baiskeli, kisa ndo vitu vya bei chee alivyovipata. Alifariki 1972, yaani yote hayo ni miaka minne tu.

Hatua ya 1: vifaa. Usinunue duka zima. Kitambaa cha marekani, mbao za mbili kwa moja, rangi ya maji nyeupe kidogo, rangi ya mafuta ya kung'aa makopo madogo matano (nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano, bluu, zingine utachanganya), tina ya kulainishia rangi na kuoshea brashi, msasa laini. Ubahili usiupeleke kwenye brashi, zile za bei ya kutupa zinamwaga manyoya kwenye picha utashinda unayatoa kwa wembe.

Hatua ya 2: fremu sita za sentimita 30 kwa 40. Sio moja, sita! Rangi ya mafuta inachelewa kukauka, ukiwa na picha moja utakaa unaikodolea macho mpaka vidole viwashe uiguse uiharibu, ukiwa na sita hii ikikauka unashika ile. Halafu saizi hiyo inaingia kwenye begi la mgeni, yaani mtalii. Kukaza kitambaa anzia katikati ya kila upande ndo uende pembeni, ukianzia kwenye kona kitajikunja. Piga rangi ya maji mikono miwili, ikikauka pitisha msasa.

Hatua ya 3: bakgraundi. Hapa ndo pazuri. Piga njano chini, nyekundu juu, zikiwa bado mbichi chukua brashi kavu uilaze, pita pale zinapokutana, kushoto kulia, kushoto kulia, taratibu, unafuta brashi kwa kitambaa kila baada ya mpito, utaona mstari unayeyuka inabaki rangi ya machungwa kama jua linazama. Fanya zote sita uziache mpaka kesho, masika hata keshokutwa. Mimi masika moja niliziacha chini ya taa, mvua ikakata, kumbikumbi wakaja, asubuhi nakuta mabawa yamejaa kwenye picha zote sita. Nikaanza kuyabandua rangi ikiwa mbichi, nikaharibu tatu. Zile tatu nilizozikatia tamaa zikakauka, nikapiga msasa, nikarudia mkono mmoja, safi kabisa. Kwa hiyo uchafu ukidondokea, uache ukauke kwanza.

Hatua ya 4: mnyama mmoja, mara sita. Twiga wako wa kwanza atafanana na mbuzi aliyevutwa shingo, ni kawaida, wa sita atakuwa na adabu. Kunakili za wenzako ili kujifunza ruksa, kuuza nakala ukaweka sahihi yako hapana. Bora uchore unachokiona kila siku, mimi kilichonitoa ni kuku wa jirani. Nukta unapiga kwa nyuma ya brashi, na rangi isiwe nyepesi, itachuruzika.

Hatua ya 5: bei. Usibahatishe. Mfano vifaa vya picha moja vimekula 6,000, nayo imekuchukua nusu siku, na fundi rangi mtaani kwako analipwa 20,000 kwa siku, basi hapo tayari ni 16,000 kabla ya nauli na faida. Kwa hiyo mtu akija na "bei ya mwisho ngapi" unajua kabisa ukishuka wapi unamlipia wewe kuondoka nayo.

Hatua ya 6: kuuza. Anza na stetasi ya WhatsApp na Insta, lakini picha ipige nje asubuhi kivulini bila flashi, rangi hii inang'aa, ukipiga ndani utauza picha ya balbu. Madukani wengi watataka mali kauli, yaani unaacha mzigo ukiuzika ndo ulipwe, na wao wanaweka cha juu chao. Sio mbaya, ila piga picha kila kazi, andika saizi na bei, mwenye duka asaini, weka na tarehe ya kurudi. Kuna duka moja niliwaachia kumi na moja kwa kuaminiana, siku narudi nakuta pameshakuwa saluni. Wateja wabongo nao msiwadharau, picha za zawadi ya harusi zinatoka kuliko unavyodhani. Ukianza kuona hela inaingia kila mwezi, kajisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa.

Mgeni akitaka kusafiri nayo, hakikisha imekaa kama wiki mbili, itoe kwenye fremu, weka karatasi juu yake uiviringishe kama mkeka, upande wenye picha uwe nje, ukiuweka ndani rangi itajibana ipasuke. Mbao unabaki nazo, unakazia kitambaa kingine.