Jinsi ya kupanga na kupima mkakati wa duka kwa kalenda ya korosho

Muulize mwenye duka wa Tandahimba anauza kiasi gani kwa mwezi. Akikupa jibu moja, bado hajalijua duka lake. Novemba yangu na Aprili yangu ni kama maduka mawili yanayotumia mlango mmoja. Haya ninayoandika ni kwa wenzangu wa maduka ya mahitaji ya nyumbani huku Mtwara na Lindi.

Hatua ya 1: Chora mwaka wa pesa

Chukua daftari, kila mwezi upe ukurasa wake. Usianze na bidhaa, anza na swali: mwezi huu wateja wangu wanapata pesa kutoka wapi? Kwetu minada ya korosho hufunguka Oktoba. Kumbuka kwamba korosho ikishauzwa mnadani, pesa haifiki dukani siku hiyohiyo: inapita chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, inapita benki, ndipo mkulima anakuja kuulizia godoro. Ndugu zetu wa Ruangwa na Nachingwea wana ufuta katikati ya mwaka, kisha mbaazi, kwa hiyo ukurasa wao wa Julai si mtupu kama wangu. Walimu na wauguzi waandikie mwisho wa mwezi. Ramadhani nayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, hivyo oda ya tende na tambi usiinakili kwa tarehe za mwaka jana.

Mimi hatua hii niliiruka mwaka 2018. Oktoba nilijaza stoo magodoro 40 nikisubiri minada. Wakulima wakakataa bei za mwanzo, Novemba ikatangazwa shilingi 3,300 kwa kilo, tukashangilia. Ila malipo yaliingia kidogokidogo, na mvua zikaanza. Magodoro yaliyokaa chini yakashika ukungu. Tangu hapo mzigo mkubwa wa msimu naugawa mara mbili: nusu mnada unapofunguka, nusu nikiona wateja wa kwanza wameshika pesa.

Hatua ya 2: Pima mzunguko, usitazame faida peke yake

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Tufanye hesabu ya mfano. Mfuko wa sukari wa kilo 50 umeununua 135,000, unauza 2,900 kwa kilo. Kwenye mzani kilo moja hupotea, ziko 49, unapata 142,100. Faida 7,100. Ndogo, inaudhi. Kanga je? Doti 12 kwa 9,000 ni 108,000, unauza 13,000 kila doti, faida 48,000. Inapendeza.

Sasa weka muda. Sukari inaisha kwa wiki, maana yake mara nne kwa mwezi, faida 28,400. Kanga zikikaa miezi minane, ni 6,000 kwa mwezi. Kila laki moja uliyoweka kwenye sukari imekuletea kama 21,000 kwa mwezi, laki ya kanga imeleta kama 5,500.

Lakini kanga hizohizo Novemba zinaondoka kwa wiki mbili. Kwa hiyo usiziite kanga bidhaa mbaya. Zihamishie kwenye ukurasa wake. Kila bidhaa iandikie tarehe ya kuingia na tarehe ya kwisha, kwa kalamu, pembeni ya boksi. Hiyo inatosha, programu ya simu utatafuta baadaye.

Hatua ya 3: Wekea mkopo ukuta

Utasikia: "Shemeji, niandikie, nitalipa korosho." Kukataa kabisa huwezi, ni majirani zako, na ukikataa wote watahamia duka la pili. Mimi madeni yote ya nje nayafunga kwenye sehemu moja ya tano ya mtaji, na kila mteja ana kikomo chake kilichoandikwa juu ya ukurasa wake. Anakiona mwenyewe, maneno yanapungua.

Usikubali kulipwa korosho zenyewe kabla hazijaanguka mtini. Hiyo ni kangomba, yaani kuchukua korosho za mkulima nje ya mnada, ni kinyume cha sheria, na unamnyonya mteja uliyemtegemea aje kununua Novemba.

Hatua ya 4: Panga mzigo ukiitazama barabara

Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa. Waliokuwa na sabuni na mafuta ya wiki mbili stoo waliendelea kuuza. Kuanzia Februari mpaka mvua ziishe, bidhaa zinazoenda kila siku ziwe na akiba. Zilizobaki punguza.

Hatua ya 5: Tathmini

Kila Jumapili jioni andika namba tatu: mauzo ya wiki, pesa iliyopo (droo na simu kwa pamoja), na madeni ya nje. Mauzo yakipanda huku pesa ikishuka, tazama madeni kwanza, halafu jitazame mwenyewe. Unga uliobeba nyumbani umeuandika?

Tathmini kubwa ifanye mwisho wa Januari. Funga duka siku moja, hesabu kila kitu kwa bei ya kununulia, jumlisha pesa na madeni unayoamini yatalipwa, toa unachodaiwa na wa jumla. Linganisha na namba ya Januari iliyopita, si ya Oktoba.

Kilichobaki cha msimu kishushe bei Februari hiyohiyo, hata mpaka bei uliyonunulia, pesa yake iingie kwenye unga na sabuni. Godoro la mwisho la mzigo ule wa 2018 nilimuuzia bodaboda kwa hasara ya elfu ishirini, akalifunga nyuma ya pikipiki mvua ikinyesha.