Taa ya oili kwenye HiAce ya zamani: pima presha kabla hujanunua pampu

Somo hili ni la wenye HiAce zile ambazo injini iko chini ya viti vya mbele, hasa dizeli za 2L, 3L na 5L (hayo ni majina ya injini, si lita). Wenye injini ya RZ ya petroli nao wasome, hatua ni zilezile.

Taa nyekundu yenye picha ya birika linalodondosha tone inahusu presha. Kiasi cha oili unakijua kwa stiki. Watu wengi wanachomoa stiki, wanaona oili imejaa, wanasema "taa ina wazimu", wanaondoka. Wiki hiyohiyo injini inaanza kugonga.

Hatua ya 1: Zima. Taa ikiwaka njiani, toka pembeni uzime injini palepale. Usijiambie "ngoja nifike sheli". Kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, huelea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya beringi zake. Utando ukikatika, dakika chache zinatosha kukwangua kila kitu. Abiria warudishie nauli, ni rahisi kuliko kuchonga kranki.

Hatua ya 2: Stiki, na pua. Gari liwe mahali tambarare, subiri dakika 5 hadi 10, futa stiki, zamisha, chomoa. Ikiwa oili imepungua, ongeza, washa. Taa ikizima ndani ya sekunde chache, kazi yako sasa ni kutafuta inakovujia au kama injini inaila. Ikiwa kiwango kiko sawa, sugua tone kati ya vidole na uinuse. Oili nyepesi inayonuka dizeli maana yake mafuta yanaingia, mara nyingi nozeli (zinazopulizia dizeli kwenye injini) zinadondosha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji ndani. Kwa hayo mawili usiwashe tena.

Hatua ya 3: Waya. Inua kiti, tafuta swichi ya oili kwenye injini, ndiyo inayowasha na kuzima taa. Ina waya mmoja tu. Washa swichi ya gari bila kupiga stata: taa lazima iwake. Chomoa ule waya: taa izime. Isipozima, waya umechubuka mahali unagusa bodi. Gusisha ncha ya waya kwenye chuma cha injini: taa iwake tena. Ikitii yote hayo, waya ni mzima.

Na kama taa haiwaki kabisa kabla ya kupiga stata, usifurahi. Niliwahi kuletewa gari lililonunuliwa mwezi huohuo, taa ya oili imeunganishwa na waya wa taa ya chaji ili ziwake na kuzima pamoja. Mnunuzi aliona kila kitu kinazima vizuri, akalipa.

Hatua ya 4: Geji. Hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka. Fungua swichi ya oili, funga geji ya presha mahali pake. Uzi ni wa moja ya nane ya inchi, BSPT, nyuzi 28 kwa inchi. Kuna uzi wa NPT unaofanana nao kabisa kwa macho lakini una nyuzi 27. Utaingia mizunguko michache kisha ugome. Usilazimishe, utaharibu tundu. Acha injini ipate moto kamili, maana oili ya baridi ni nzito na itakudanganya. Injini hizi za L, bila kukanyaga mafuta, zinatakiwa zisome angalau psi 4.3 (psi ni kipimo cha presha), na kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika kati ya psi 36 na 85. Geji ikisoma vizuri huku taa inawaka, badilisha swichi, umemaliza.

Hatua ya 5: Presha ikiwa ndogo kweli. Anza na vya bei rahisi: mwaga oili, weka ya gredi inayofaa, 15W-40 kwa dizeli hizi, na filta ya kuaminika. Isipobadilika, shusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kuna 3L ililetwa ikiwa na pampu mpya. Taa ilikuwa inawaka likienda mwendo mrefu, likipumzika dakika kumi inazima, safari inaendelea. Nilipong'oa sampu nikakuta chujio la mdomo wa pampu limezibwa na vipande vya silikoni nyekundu, virefu kama tambi. Aliyefunga sampu mara ya mwisho aliipaka silikoni kama anapaka mkate siagi. Ya ndani ikakatika ikafyonzwa. Ukienda mbio inabana kwenye chujio, ukizima inadondoka chini. Pampu ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Chujio likiwa safi, zimebaki pampu na beringi. Hapo vinapimwa, havikisiwi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Yangu ni 5L. Asubuhi iko safi, mchana kwenye foleni taa inapepesa, nikikanyaga mafuta inazima. Nimeambiwa niweke 20W-50.*

Marahaba. Hiyo mara nyingi ni beringi au pampu imelika, au oili yako imechoka. Oili nzito inaweza kuinyamazisha taa, lakini unanunua muda tu. Funga geji injini ikiwa ya moto, utuletee namba.

*Yangu imeandikwa T-BELT. Ndiyo hiyohiyo?*

Hapana. Hiyo ni ya mkanda wa taimingi, huwaka kila kilomita 100,000. Badilisha mkanda; ukikatika, valvu zinagongana na pistoni.

*Nimebadilisha filta, taa ikachelewa kuzima kama sekunde tano. Niogope?*

Filta ilikuwa tupu. Ila kama inachelewa hivyo kila asubuhi, filta hiyo haizuii oili kurudi chini. Tafuta nyingine.

*Geji inasoma psi 2 ikiwa ya moto. Naweza kwenda nayo taratibu kwa fundi wangu Morogoro?*

Uko wapi?

*Chalinze.*

Livutwe.