Somo: Kuchambua tathmini na msimamo katika habari za magazeti (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila msimu wa tasnifu, kuanzia Iringa hadi Mbeya, swali ni lile lile: "Nimeshapigia mstari maneno ya sifa na lawama kwenye magazeti, sasa nafanyaje?" Najibu hapa mara moja, kwa kufuata nadharia ya tathmini (Appraisal), inayouliza nani anasifu au kulaumu nini, na kwa sauti ya nani. Mifano yote ni ya kutunga, msiichukue kama data.

1. Chagua tukio, si mada. Uhaba wa mbolea ya ruzuku kwa msimu mmoja unatosha. "Siasa magazetini" humalizi.

2. Habari 20 hadi 30, magazeti mawili, kipindi kimoja.

3. Tahariri, safu za maoni na makala ziwekwe kando. Ukizichanganya na habari kwenye hesabu moja, matokeo hayana maana.

4. Zipe sentensi namba. Kichwa cha habari kipate namba yake, kwa sababu mara nyingi kinatungwa na mhariri, si mwandishi aliyeenda eneo la tukio.

5. Nani anamtathmini nani. Kazi nyingi zinaharibikia hapa, kwa sababu watu wanakimbilia kubandika lebo. Fungua jedwali lenye safu saba: namba, dondoo, msemaji, mlengwa, aina, chanya au hasi, wazi au fichika. Jaza msemaji na mlengwa KWANZA. Chukua sentensi hii:

*Wakulima wa mahindi Mbozi wamelalamikia mbegu feki.*

Wengi wanaandika mstari mmoja: "feki, hasi". Hapo ipo mistari mitatu. "Wamelalamikia" ni hisia, wenye nayo ni wakulima, mlengwa ni mbegu. "Feki" haimo kwenye alama za nukuu wala haina "wanazodai ni", kwa hiyo mwandishi ameibeba kwa sauti yake mwenyewe: msemaji ni gazeti, mlengwa ni mbegu. Mstari wa tatu umejificha: mbegu haijitengenezi feki, kuna muuzaji anayehukumiwa bila kutajwa. Sasa linganisha na *wamelalamikia mbegu wanazodai ni feki*. Gazeti limejitoa, na mstari wa pili unarudi kwa wakulima.

Maonyo:
- Usiweke maneno ya mkuu wa wilaya kwenye fungu la gazeti. Ukishafanya hivyo kwenye habari 30, huna njia ya kuyatenganisha ila kuanza upya.
- Kila mstari wa "fichika" uoneshe neno lililokufikisha hapo. Kama huwezi kulinyooshea kidole, futa. Hayo ni mawazo yako, si ya matini.

6. Aina. Hisia (furaha, hofu, kuridhika). Hukumu juu ya watu na mwenendo wao (uwezo, uthabiti, ukweli, uadilifu). Thamani ya vitu na matukio. "Barabara mbovu" ni thamani. "Mkandarasi mzembe" ni hukumu.

7. Usiwinde vivumishi peke yake. Kiswahili kinaficha tathmini kwenye viambishi na vineno vidogo: *vijumba, jitu, eti, hatimaye*. "Vijana wanaojiita walinzi wa kijiji" wameshanyang'anywa uhalali kwa hiyo -ji-. Ila msinidunishie kila ki-. *Kiongozi* na *kitabu* havina dharau yoyote. Pima kwa kutafuta umbo la kawaida: *kijumba* kina *nyumba* pembeni yake, *kiongozi* hakina.

8. Kiwango, yaani maneno yanayoongeza au kupunguza nguvu ya tathmini: *sana, kabisa, mamia ya, hata watoto.*

9. Hesabu kwa kila maneno 1,000. Habari ya maneno 250 yenye tathmini 5 (sawa na 20 kwa 1,000) ni kali kuliko ya maneno 800 yenye tathmini 8 (sawa na 10).

---

MASWALI

Mwanjelwa_1: Mkuu, naomba orodha ya maneno chanya na hasi ya Kiswahili, pdf.

Mtoa somo: Haipo. Kocha mkali, jua kali, adhabu kali: utaliweka "kali" wapi? Hatua ya 5.

Mwanjelwa_1: Nimesoma, ila orodha ingerahisisha kazi.

Mtoa somo: Hujasoma.

Dada wa Kihesa: Mwalimu, shikamoo. Habari za mahakamani zimejaa "anadaiwa kuiba". Nihesabu kwamba gazeti linatilia shaka?

Mtoa somo: Marahaba. Swali zuri hili. Hapana, hapo ni kinga ya kisheria. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, kwa hiyo "anadaiwa" ni kawaida ya aina hiyo ya habari. Fungulia lebo yake, mfano "kinga". Shaka utaiona pale ambapo gazeti lingeweza kuandika "alisema" likachagua "alidai". Angalia na upande wa pili: *alibainisha, alifichua*. Ukiandika "diwani alibainisha kuwa mbolea ilichelewa", umeshakubali kwamba ilichelewa. Panga vitenzi vya kusema vya kila gazeti, kisha tazama nani "anabainisha" na nani "anadai". Hiyo peke yake ni sura nzima ya tasnifu.

Mlima Nyoka: Nadharia yenyewe ni ya Wazungu, mnailazimishia Kiswahili ya nini?

Mtoa somo: Ilikuzwa Australia kuanzia miaka ya 1990, kwa matini za Kiingereza, ndiyo. Nani anasema na anamlenga nani ni maswali ya lugha yoyote. Kosa ni kuhamisha orodha zao za maneno, na hatua ya 7 imeandikwa kwa sababu hiyo. Ukiwa na njia bora, iweke hapa tuisome.

Mafinga_mbao: Tumeweka lebo watu wawili, tumekubaliana asilimia 80. Msimamizi amekataa.

Mtoa somo: Yuko sahihi. Toa kwanza makubaliano ya bahati. Tuseme kila mmoja wenu ameweka "hasi" kwa asilimia 80 ya mistari na "chanya" kwa 20 iliyobaki. Bahati = 0.8×0.8 + 0.2×0.2 = 0.68. Kappa (kipimo cha makubaliano baada ya kuondoa bahati) = (0.80 − 0.68) ÷ (1 − 0.68) = 0.375. Ni ndogo, wengi wanataka kuanzia 0.61. Msibishanie lebo ili namba ipande. Kaeni mwandike upya maelezo ya kila lebo, halafu mjaribu kwenye habari ambazo hamjazigusa.

Kalenga: Nyongeza: AntConc, programu ya kompyuta ya kutafuta maneno kwenye matini, ni ya bure. Ukiandika \*dai\* inaleta anadai, walidai na yadaiwa kwa mkupuo.

Mtoa somo: Inaleta na *daima* na *mdaiwa*, pitia kwa macho. Asante, Kalenga.

Dada wa Kihesa: Na kama habari nazitoa mtandaoni?

Mtoa somo: Piga picha ya skrini siku hiyo hiyo, tarehe na saa zionekane. Vichwa vya mtandaoni hubadilishwa kimya kimya, na mara nyingi kinachoondolewa ni lile neno la tathmini unalolitafuta. Ukipata matoleo yote mawili, usitupe hata moja.